Picha za Ardhi Zisifutwe Angani kwa Kisingizio cha Umeme

Kumezuka katika nchi zilizoendelea fahari mpya juu ya setilaiti zinazopiga picha za dunia. Zamani fahari ilikuwa juu ya ukali wa kamera: nani anaona nyumba, nani anaona gari barabarani. Siku hizi fahari ni juu ya wingi wa picha ambazo setilaiti inaweza kuzitupa yenyewe, huko huko angani, bila ya kumwuliza mtu. Setilaiti hupiga picha, kompyuta ndogo iliyomo ndani yake huitazama, huamua kwamba haifai, huifuta, kisha huendelea na safari. Jambo hili husifiwa kuwa ni busara ya kubana matumizi ya umeme. Wataalamu hupongezana na majarida ya sayansi huandika. Wale ambao ardhi yao ndiyo iliyokuwa ndani ya picha hawaambiwi hata kwamba picha ilipata kupigwa.

Hapana anayebisha kwamba umeme wa angani ni haba. Setilaiti ndogo isiyozidi ukubwa wa boksi la viatu huishi kwa wati chache zinazotoka katika mabamba yake ya jua, pungufu ya zile zilizokuwa zikiliwa na balbu moja ya zamani ya sebuleni. Huizunguka dunia kwa dakika 95 hivi, na kwa kawaida theluthi moja ya muda huo huwa imo katika kivuli cha dunia, ikitegemea betri peke yake. Kwa siku moja hufanya mizunguko kama 15. Kwa hiyo katika mwaka mmoja betri hiyo hujazwa na kupunguzwa zaidi ya mara 5,000. Ikikamuliwa kupita kiasi hufa kabla ya wakati wake, wala hakuna fundi wa kupanda kwenda kuibadilisha. Kituo cha kupokelea picha nacho huonekana kwa dakika zisizozidi kumi hivi kila setilaiti inapopita juu yake, na redio ya kuzipeleka picha ardhini ni mlaji mkubwa wa umeme. Hata joto ni taabu, maana huko juu hapana hewa ya kuipoza kompyuta inayofanya kazi nyingi.

Hesabu yenyewe basi ni nyepesi. Ikiwa umeme wa kuikagua picha ni mdogo kuliko umeme wa kuipeleka, na ikiwa picha haina maana, ni upumbavu kuipeleka. Msomi anayeibeza hesabu hiyo hajui anachokisema. Ubishi unaanzia mahali pengine. Neno "haina maana" limeandikwa na nani, kwa kutazama ardhi ya nani, na ni nani atakayejibu siku picha itakapotafutwa ikakosekana?

Kuipa setilaiti akili si jambo geni. Setilaiti ya Marekani iitwayo EO-1, iliyorushwa Novemba 2000, ilipewa na shirika la NASA programu ya kujiamulia mambo. Mwaka 2004 ilitambua yenyewe kwamba volkano ya Erebus, huko Antaktika, ilikuwa hai, ikajipangia kurudi kuipiga picha tena. Kompyuta yake ilikuwa na mwendo wa megahezi 12, dhaifu kuliko ile iliyomo ndani ya simu ya bei rahisi kabisa inayouzwa Kariakoo. Lakini jambo la kuzingatia ni hili: sifa kubwa ya EO-1 ilitokana na kutumia akili yake kuongeza picha pale palipokuwa na tukio.

Mwaka 2020 ukaja mtindo mwingine. Shirika la Anga la Ulaya lilirusha mwezi Septemba setilaiti ndogo ya majaribio, PhiSat-1, yenye chipu ya Myriad 2 ya kampuni ya Intel na programu iitwayo CloudScout, iliyotengenezwa na watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Pisa, Italia. Kazi ya programu hiyo ilikuwa kutambua picha zilizojaa mawingu ili zisipelekwe ardhini. Kwa upande wa ufundi ilikuwa kazi safi. Katika majaribio chipu hiyo ilitumia wati 1.8 tu, ikatoa hukumu katika muda wa theluthi moja ya nukta, na hukumu zake zilikuwa sahihi kwa asilimia 92. Kwa kuwa kamera yake ilikuwa mpya na haikuwa na picha zake za kufundishia, mashine ilifundishwa kwa picha za setilaiti nyingine ya Ulaya, Sentinel-2. Na kanuni iliyofundishwa ni kwamba picha ambayo mawingu yameifunika kwa zaidi ya asilimia 70 ihesabiwe kuwa ni ya mawingu.

Asilimia 70! Mezani pa mtafiti, Ulaya, tarakimu hiyo ni ya haki kabisa. Hebu ipelekwe Rungwe mwezi wa Aprili, au Kagera, au Usambara, au Pemba wakati wa masika. Ichukuliwe picha yenye upande wa kilomita 100. Ikiwa mawingu yameifunika kwa asilimia 71, mashine itaitupa. Lakini katika picha hiyo zimebaki wazi kilomita za mraba 2,900, eneo linaloizidi Unguja nzima kwa mbali. Unguja nzima inatupwa, na zaidi ya Unguja, kwa sababu jirani zake wamefunikwa!

Wapo watakaosema kwamba picha nyingine itapigwa kesho. Sawa, lakini kesho nayo ina mawingu. Vipimo vya setilaiti za NASA vimeonyesha kwamba kwa wastani mawingu hufunika kama asilimia 67 ya uso wa dunia, na wastani huo unachanganya jangwa la Sahara na misitu ya ikweta. Katika nyanda za juu za nchi za joto hupita majuma, pengine miezi, bila ya kupatikana picha moja iliyo safi pembe zote. Ndiyo maana wachora ramani wa nchi hizi wana desturi ambayo mtu wa nchi kavu haihitaji sana: huchukua picha nyingi mbovu, wakakata katika kila moja kipande kilicho wazi, wakaviunganisha vipande hivyo kama fundi cherehani anavyounga kitambaa, hadi wapate ramani moja kamili. Kwao picha yenye asilimia 30 iliyo wazi ni mali. Ramani za misitu na za mashamba ya sehemu nyingi za Afrika Mashariki zimetengenezwa kwa njia hiyo. Mashine inayotupa picha hizo inamnyang'anya fundi vitambaa vyake, kisha inamwambia ashone.

Tena yapo mambo ambayo huonekana chini ya mawingu tu. Aprili 2024 mto Rufiji ulifurika, ukawatoa watu wa Rufiji na Kibiti katika nyumba na mashamba yao. Tarehe 4 Mei mwaka huo huo kimbunga Hidaya kikapiga kisiwa cha Mafia. Kabla ya hapo, Desemba 2023, maporomoko ya tope kutoka mlima Hanang' yaliikumba Katesh na kuua zaidi ya watu 80. Haisemwi hapa kwamba picha za siku hizo zilifutwa. Inasemwa kwamba siku kama hizo ndizo siku ambazo mashine ya kanuni ya asilimia 70 huwa na hamu kubwa ya kufuta. Wingu ndilo lililoileta mvua, mvua ikaleta mafuriko, na mwanya mdogo kati ya mawingu mawili ndio ambao ofisa wa maafa anautafuta apate kujua daraja lipi bado limesimama. Wako pia watakaoitaja rada, ambayo huona kupitia mawingu. Kweli rada huona; lakini rada hula umeme kuliko kamera, na data zake ni nyingi mno, kwa hiyo kishawishi cha kuzikatakata angani ni kikubwa zaidi.

Jambo hili lina upande wa sheria pia, ambao haujazungumzwa vya kutosha. Katika miaka ya 1970 nchi kama Brazil na Argentina zilidai katika Umoja wa Mataifa kwamba nchi isipigwe picha kutoka angani bila ya ridhaa yake. Dai hilo halikushinda. Badala yake, tarehe 3 Desemba, 1986, Baraza Kuu lilipitisha azimio namba 41/65, lenye kanuni 15 juu ya upigaji picha wa dunia kutoka angani. Kanuni ya 12 iliwapa wanaopigwa picha kitu cha kuwafariji: nchi iliyopigwa picha iwe na haki ya kuzipata data ghafi na data zilizoandaliwa zinazohusu ardhi yake, bila ya ubaguzi na kwa gharama ya kadiri, mara zinapopatikana. Azimio si mkataba, na halimfungi mtu kama mkataba unavyofunga. Hata hivyo ndilo fimbo pekee ambayo nchi changa iliipata.

Sasa atazame kila ofisa anayeshughulika na mambo haya jinsi azimio hilo lilivyoeleza maana ya data ghafi. Ni zile zilizonaswa na vyombo vya setilaiti na kupelekwa ardhini. Kupelekwa ardhini! Mwaka 1986 walioandika hawakuona haja ya kuyatilia shaka maneno hayo, maana picha iliyopigwa ilipigwa ili ipelekwe. Leo picha isiyoshuka haimo katika maana hiyo. Setilaiti ikiichambua picha ya wilaya nzima angani, ikashusha jibu la mstari mmoja, na picha yenyewe ikaifuta, basi kwa maandishi ya azimio hapakuwa na data ghafi yoyote ya kudaiwa. Lililobaki ni habari iliyochambuliwa. Na juu ya habari hiyo kanuni huzungumzia ile iliyomo mikononi mwa dola, ilhali leo mwenye setilaiti mara nyingi ni kampuni. Haki iliyopiganiwa kwa zaidi ya miaka kumi inatoweka bila ya mtu kupiga kura kuifuta, na sababu inayotolewa ni betri.

Afrika Mashariki imekwisha kuonja matunda ya mambo ya namna hii. Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa na Marekani Julai 1972. Landsat 5, iliyorushwa mwaka 1984, haikuwa na chombo cha kuhifadhia picha. Ardhi isiyokuwa na kituo cha kupokelea karibu yake ilitegemea njia za kuzunguka, na haikupigwa mara kwa mara. Katika kipindi hicho hicho biashara ya picha hizo ilikabidhiwa kampuni, na bei ya picha moja ikapanda hadi zaidi ya dola 4,000. Pasipokuwa na mnunuzi hapakupigwa picha. Mwaka 2008 Marekani ilizifungua picha zote za Landsat zitolewe bure, jambo la kupongezwa sana. Lakini mtafiti wa leo anayetaka kujua misitu ya Tao la Mashariki ilikuwaje mwishoni mwa miaka ya 1980 hukuta makabati yaliyofunguliwa yakiwa na nafasi tupu nyingi. Ukarimu wa mwaka 2008 haukuweza kuirudisha picha ambayo haikuwapo. Asiyekuwepo na lake halipo.

Hatari hii inakua kwa kadiri setilaiti zinavyounganishwa. Zamani setilaiti moja ilikuwa na kituo chake na bwana wake. Sasa zinajengwa katika makundi, zikizungumza zenyewe kwa zenyewe kwa miali ya leza. Tarehe 14 Mei, 2025, China ilirusha kutoka Jiuquan setilaiti 12 za mwanzo za mtandao wa kompyuta za angani, na nia iliyotangazwa ni kufikisha setilaiti 2,800. Faida ya umeme katika mpango wa namna hii ni dhahiri: setilaiti iliyomo kivulini na betri yake imepungua humpa kazi jirani aliye juani. Ni ushirikiano mzuri, na kijiji chochote chenye trekta moja kinaweza kuuelewa. Lakini picha ya bonde la Kilombero itaweza kupigwa na setilaiti ya kwanza, ikakatwa na ya pili, ikahukumiwa na ya tatu, na jibu likashukia bara jingine. Ofisa wa mipango aliyeko Ifakara akitaka kujua kwa nini jibu linasema hakuna shamba pale alipolima babu yake, atamwuliza nani kati ya hizo tatu?

Swali hilo si la mzaha. Ili programu iishi kwa wati mbili, wataalamu huipunguza: tarakimu zenye nafasi 32 hufanywa za nafasi nane, na viungo vinavyoonekana havina kazi hukatwa. Kwa jumla usahihi hupungua kidogo tu, na wastani hubaki mzuri. Lakini watafiti wamekwisha kuonyesha kwamba kidogo hicho hakigawanywi sawasawa. Kinachosahauliwa kwanza na mashine iliyopunguzwa ni mambo ya nadra, yale iliyoyaona mara chache wakati wa kufundishwa. Kihamba cha Mchagga ni jambo la namna hiyo: kahawa chini ya mgomba, mgomba chini ya mti mkubwa, na maharage katikati. Mashine iliyokulia katika mashamba ya ngano ya Ufaransa au ya mahindi ya Iowa inaweza kulitazama shamba hilo ikaandika neno moja, "msitu". Picha ikiwapo, mwalimu wa jiografia wa Marangu ataisahihisha mashine kwa dakika moja. Picha ikiwa imefutwa, neno la mashine ndilo litakaloingia katika ramani, na kutoka ramani katika sera, na kutoka sera katika amri ya kuwahamisha watu waliovamia msitu. Hali kadhalika mashine hizi hujulikana kwa kuchanganya mawingu na theluji, moshi, au ardhi nyeupe yenye kung'aa. Nchi yenye Kilimanjaro, moto wa nyika na magadi ya Ziwa Natron inavyo vyote vitatu.

Watetezi wa mtindo huu wana jibu ambalo hulitoa kwa sauti ya upole: asiyekuwa na setilaiti hawezi kumpangia mwenye nayo. Ni jibu la kiburi, na kwa bahati nzuri halina nguvu kama linavyodhaniwa. Setilaiti hizo huishi kwa kuuza, na miongoni mwa wanunuzi wamo serikali za Afrika, mashirika ya bima ya mazao na miradi ya misaada inayofanya kazi Afrika. Tena si kweli kwamba hakuna njia nyingine. Setilaiti za Sentinel-2, ambazo hupiga ukanda wa kilomita 290 kwa mara moja, huzibana picha angani ili ziwe nyepesi, kisha huzishusha zikiwa na mawingu yake, na Ulaya inazitoa bure kwa kila mtu. Ni setilaiti kubwa zenye umeme wa kutosha, hilo ni kweli. Lakini zinathibitisha kwamba kubana na kufuta ni mambo mawili mbalimbali.

Wala haidaiwi kwamba kila picha ishushwe. Moto ukiwaka Kilimanjaro, kama ulivyowaka Oktoba 2020, setilaiti inayoweza kuutambua angani na kupeleka mara moja namba za mahali unapowaka inafanya kazi ya maana sana, na ujumbe huo hauli hata chembe ya umeme wa picha nzima. Kinachodaiwa ni uwajibikaji. Kila picha inayofutwa iache nyuma yake picha ndogo isiyo kali, pamoja na saa, mahali, na sababu ya kufutwa. Picha ya megabaiti 100 inaweza kuacha kumbukumbu ya kilobaiti 50, sehemu moja tu katika 2,000; betri inayoshindwa na hilo ilikuwa imekwisha kushindwa. Kiwango cha mawingu kisiwe kimoja kwa dunia nzima, kipangwe kwa eneo na majira, kwani programu inaweza kubadilishwa kutoka ardhini. Na katika zile zinazohukumiwa kutupwa, sehemu ndogo ichaguliwe kwa bahati nasibu ishushwe nzima, ili watu waikague hukumu ya mashine.

Afrika Mashariki nayo ina la kufanya zaidi ya kudai. Kenya ilirusha Taifa-1 tarehe 15 Aprili, 2023. Rwanda na Uganda zimekwisha kuwa na setilaiti ndogo zao. Nairobi kuna kituo cha nchi nyingi cha ramani na picha za angani kilichoanzishwa mwaka 1975, na Shirika la Anga la Afrika lilizinduliwa Cairo Aprili 2025. Huko Malindi vimo vyombo vya kupokelea habari za setilaiti, mahali ambapo karibu yake, katika jukwaa la baharini la San Marco, ilirushwa tarehe 12 Desemba, 1970, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota. Waliipa jina la Uhuru. (Jina lilikuwa la Kiswahili, matokeo yalisomwa ng'ambo.) Mashine za angani hufundishwa kwa picha ambazo watu wamezitia majina: hapa mpunga, hapa mikoko, hapa kihamba. Kazi hiyo haihitaji roketi. Vyuo vikuu, maofisa ugani na hata wanafunzi wa sekondari wanaojua mashamba ya vijiji vyao wanaweza kuifanya, na mtengenezaji wa programu atakayezikataa picha hizo atakuwa amejianika mwenyewe.

Hata hivyo pa kuanzia ni ofisini. Wizara inaponunua huduma ya picha au ya taarifa za mazao, mkataba huletwa ukiwa umekwisha kuchapwa, na kwa kawaida husema mteja atapokea ramani, au tahadhari, au asilimia ya eneo lililolimwa. Hausemi ni picha ngapi zilifutwa kabla ya asilimia hiyo kupatikana, wala kwa kanuni gani. Kifungu cha kudai kumbukumbu za picha zilizofutwa juu ya ardhi ya nchi, pamoja na kiwango cha mawingu kilichotumika, kinaenea katika mistari minne. Ofisa anayeusoma mkataba huo aitie mistari hiyo kabla ya kuupeleka kusainiwa.